Karatasi Iliyompa Mjane Mke

Shule yangu iliishia darasa la saba. Nalisema mapema ili msomaji asinitafutie shahada humu ndani. Lakini kompyuta ya kwanza kuwekwa kwenye vibanda vinavyotazamana na mahakama pale Moshi mjini niliiweka mimi, na sikushikwa mkono na mjomba wala na serikali. Waliosoma walikuwa wamekaa ofisini wakingoja waletewe. Mimi niliifuata Nairobi, nikarudi nayo kwenye basi, skrini nimeipakata kama mtoto mwenye homa, lile boksi lake nimelibana kwa miguu. Abiria wa pembeni akaniuliza, "Kaka, hiyo televisheni ya inchi ngapi?" Nikamwambia, "Hii haionyeshi mpira. Hii inaandika." Hakuniamini mpaka anashuka.

Kabla ya hapo nilikuwa na taipu, na kabla ya taipu nilikuwa na turubai. Biashara zilipofunguliwa na mitumba ikaruhusiwa, vijana wengi wa mlimani tulijikuta tumetandaza mashati chini karibu na soko. Niliuza miaka minne. Turubai langu lilikuwa njiani mwa watu waendao mahakamani, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo wenzangu walilipita kila siku wasilione. Asubuhi walishuka watu kutoka Machame, Kibosho, Sanya Juu, wamevaa nguo za kanisani, bahasha ya kaki mkononi, na wote swali lao lilikuwa moja: "Huku anayeandika barua za kesi ni nani?" Mtu ana haki yake kamili kichwani, lakini mahakama inataka aiweke kwenye karatasi. Nikauza mashati yote, nikanunua taipu iliyotumika, nikajifunza kwa vidole viwili. Mpaka leo ni viwili, na vinawashinda wenye kumi.

Vijana wa sasa hawajui mambo yalivyokuwa. Hakimu aliandika kila neno kwa mkono wake. Shahidi anasema, hakimu anaandika, shahidi anangoja, kisha anasema tena. Hukumu nayo ilikuwa ya mkono. Ukitaka nakala ili ukate rufaa, unamngoja mpiga chapa, na mpiga chapa ni mmoja, na taipu yake ikiharibika anamngoja fundi, na fundi anangoja kipuri. Nimewaona wazee wakishuka mlimani mara tano kuja kuambiwa neno moja, "Bado." Wanakaa kwenye ngazi, wanakula ndizi mbivu bila kusemezana, halafu wanakwenda kutafuta gari la kurudi. Wengi wa watu hao hawakushindwa kesi. Walichoka.

Kwenye taipu nilikuwa na utaratibu wangu. Karatasi tatu, kaboni mbili katikati, na ukikosea mstari wa mwisho unaanza upya. Kwa hiyo nilimsikiliza mteja kwanza, nikaandika kwenye daftari, nikamsomea. Akisema, "Hapana, siyo hivyo," nakata, naandika tena, nasoma tena. Nikishapata neno lake ndipo nagusa taipu. Nilijiona mjanja kwa kuokoa karatasi. Sikujua kwamba kule kusoma ndiko kulikokuwa kazi yenyewe.

Kompyuta ilipokuja nikaona nimetoka utumwani. Ukikosea unafuta. Na kilichonivimbisha kichwa zaidi ni kwamba barua za zamani hazipotei. Zimelala humo ndani, unaziamsha. Kesi za vihamba nazo zinafanana kama migomba. Kihamba ni lile shamba la ukoo, lenye nyumba, kahawa, ndizi, na makaburi ya waliotangulia. Baba anafariki, ndugu wanagombana, mmoja anasogeza mpaka. Nikagundua sina haja ya kuanza mwanzo. Nafungua faili la mtu wa jana, natoa jina lake, natia la mtu wa leo, nabadilisha kijiji, printa inalia, kazi imekwisha. Watu walisimama mlangoni kutazama karatasi inavyotoka. Daftari nikalitupa kabatini. Kusomeana kukafa, na mimi nikawa natembea pale mahakamani kama nimeijenga.

Ndipo akaja mama mmoja wa Machame juu.

Alikuwa na umri wa kunizaa, mwembamba, kitenge kimefungwa sawasawa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa, akaweka mkoba mapajani. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Walizaa mabinti wanne, hakuna mvulana. Sasa mdogo wa marehemu, shemeji yake, alikuwa amepanda masale mapya katikati ya kihamba. Masale ni yale majani marefu tunayoyapanda kuwa mpaka, na mtu mwenye akili timamu hayagusi ya mwenzake. Shemeji aliyapandia chini ya mfereji, akatangaza kwamba nusu ya chini ni yake, kwa kuwa kihamba hakirithiwi na mwanamke. Tayari alikuwa amempata mnunuzi, mtu wa mjini anayetaka kujenga, na huyo mnunuzi alikuwa ameshapima kwa hatua.

"Akishauza, baba," aliniambia, "itabaki nyumba na kaburi. Mabinti zangu nitawalisha kaburi?"

Nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja. Nje walikuwa wanangoja wateja sita. Nikafungua faili la mzee mmoja wa Sanya Juu aliyeshinda kesi yake miezi michache nyuma, barua niliyojivunia, nikaingiza jina la mama, la shemeji na la kijiji, nikabadilisha mistari miwili kuhusu mfereji na masale. Printa ikalia. Nikamsogezea kidau cha wino atie dole gumba.

"Hunisomei?" akauliza. "Dada yangu alipokuja kwako wakati wa taipu, alisema ulimsomea."

"Mama," nikamwambia, na wateja sita wananisikia, "hii imetoka kwenye kompyuta. Kompyuta haikosei."

Akatia dole.

Kesi ilikuwa kwenye mahakama ya mwanzo ya huko huko mlimani kwao. Siku ya kusikilizwa nilikwenda. Sitadanganya kwamba nilikwenda kwa ajili ya mama. Nilikuwa nimenunua pikapu, nyeupe, na barabara ya Machame ndiyo barabara niliyozaliwa kando yake. Nilitaka wanione. Na nilipenda kukaa benchi la nyuma nikisikia karatasi zangu zinasomwa, maana Kiswahili changu cha barua kilikuwa kinapita cha mawakili, na hilo alinikubalia wakili mmoja.

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na pembeni yake wazee wawili wa baraza. Shemeji alisimama upande wake na koti zito. Mnunuzi alikuwa dirishani, nje, kiwiko juu ya kizingiti, kama mtu anayengoja gari lililokwisha kulipiwa. Karani akapewa karatasi awasomee wote madai.

Alianza vizuri. Mfereji, masale, sawa. Akaendelea. "Upande wa magharibi kihamba kinapakana na barabara ya kwenda mnadani." Mzee mmoja wa baraza akainua kichwa. Huko juu hakuna mnada, kuna msitu. Karani akageuza ukurasa. "Kihamba hiki nilikabidhiwa na marehemu baba yangu mbele ya ukoo, nami pamoja na mke wangu tumekitunza tangu tulipofunga ndoa."

Halafu chumba kikapasuka kwa kicheko.

Shemeji hakucheka. Aliacha wenzake wacheke, kisha akainua mkono kwa adabu zote. "Mheshimiwa, mimi sina maneno mengi. Naomba tu nionyeshwe huyo mke. Maana kama shemeji yangu ameoa, ukoo hatukualikwa kwenye harusi."

Wakacheka tena, hata askari. Hakimu akagonga meza. "Kimya! Mama, hiki kidole ni chako?"

"Ni changu."

"Ulisomewa kabla ya kukitia?"

Mama hakugeuka kunitazama. Mpaka leo najua angeweza kugeuka. Alitazama mbele akasema, "Niliambiwa imetoka kwenye kompyuta."

Hakimu akavua miwani. "Madai ya kihamba kisichokuwepo, ya mwanamume asiyekuwepo. Nitayasikilizaje? Nitayaondoa, ukaandike upya na kufungua upya."

Kufungua upya maana yake ilikuwa wiki tatu, nne, mpaka ipangwe tarehe. Mnunuzi alikuwa ameondoa kiwiko dirishani. Shemeji alianza kufunga vifungo vya koti. Kila mtu mle ndani alijua kwamba kabla ya wiki moja kuisha nusu ya chini ingekuwa na mawe ya msingi, na jiwe la msingi likishakaa ardhini, kulitoa ni kazi ya wajukuu.

Nami nimekaa, ufunguo wa pikapu kiganjani. Nitasema kilichokuwa moyoni. Nilifikiri, mama hajanitaja. Nilifikiri, nusu ya watu hawa ni wateja wangu, na nusu nyingine watakuwa. Nikitulia, lawama itaangukia uzee wake, watasema alijieleza vibaya. Niliyafikiri yote hayo kwa muda ambao karani alikuwa anatafuta peni ya kuandika kwamba madai yameondolewa. Kisha nikaona yule mama anafungua mkoba, anatoa leso, anaikunja vizuri, anairudisha bila kuitumia. Nikasimama.

"Mheshimiwa, kosa ni langu."

"Wewe ni nani?"

"Ndimi niliyeandika."

Mzee wa baraza, yule aliyeinua kichwa, akaniangalia kuanzia kiatu. "Wewe ndiye mwenye ile mashine ya mjini?"

"Ndimi, mzee wangu."

"Kwa hiyo mashine imekosea."

"Mashine haikukosea, mzee. Iliandika nilichoiwekea. Niliiwekea maneno ya mzee mmoja wa Sanya Juu. Huyu mama alinieleza yake sawasawa, na akaniomba nimsomee. Nilikataa."

Sijawahi kusema sentensi iliyonigharimu kama hiyo ya mwisho. Nyuma yangu sauti ikasema, "Mangi wa kompyuta leo kapatikana!" Mangi kwetu ni chifu. Wakacheka, nami nikacheka nao, kwa kuwa ungefanyaje.

Hakimu akanikazia macho. "Kutoka hapa mpaka mjini na kurudi, muda gani?"

"Kwa gari langu, Mheshimiwa, jipya kabisa..."

"Sijakuuliza gari. Nimekuuliza muda."

"Kwenda na kurudi saa moja na nusu. Pamoja na kuandika, mbili na nusu."

"Nina kesi nyingine tatu. Nikimaliza ya tatu hujafika, naondoa."

Shemeji akapinga, akasema sheria ni msumeno. Hakimu akamjibu kwamba msumeno ni wake, na atakata akishaona mbao.

Tukateremka. Mama alikaa mbele pembeni yangu, ameshikilia mlango kwa mikono miwili, maana nilikuwa naendesha kama mwizi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi na ningeyapokea. Aliposema, alisema, "Ukituua hapa, shemeji atauza yote." Nikapunguza mwendo.

Kibandani niliwatoa wateja wote nje. Nikafungua ukurasa mweupe, mtupu, ambao kwa kweli sikuwa nimeuona kwa mwaka mzima. Nikamwambia, "Sema, mama." Akasema, nikaandika, nikamsomea.

"Hapana," akasema. "Umeandika nilikuta kahawa. Sikuikuta. Niliipanda. Nilipoolewa palikuwa na mawe pale."

Mwanamke aliyekuta kahawa na mwanamke aliyeipanda si kesi moja, na mimi nilikuwa nimeitupa hiyo ya pili kwa sababu kesi ya mtu mwingine ilikuwa imeshalala kwenye mashine. Nikaandika, nikasoma tena.

"Hapana. Umeandika watoto wanne. Andika mabinti wanne."

"Mama, hapo ndipo shemeji anapokushikia. Watoto inatosha."

"Shemeji anajua. Ukoo unajua. Asiyejua ni hakimu, na ndiye ninayemwandikia."

Nikaandika mabinti wanne, na majina yao, wa kwanza mpaka wa mwisho. Tukasoma mara ya tatu. Akaitika kila mstari kama anaitika sala. Printa yangu ile ya pini, inayogonga utepe kama taipu, iliyokuwa inalia kwa mbwembwe nikiwa na watazamaji, siku hiyo niliiona inatambaa.

Tulifika kesi ya tatu ikiwa kwenye shahidi wa mwisho. Karani akasoma madai mapya, na hakuna aliyecheka. Alipofika "nilipoolewa palikuwa na mawe, kahawa niliipanda kwa mikono yangu," yule mzee wa baraza akageuka kumtazama shemeji, akamtazama kwa muda mrefu. Hakimu akaamuru pasiuzwe wala kujengwa kitu mpaka atakapotoa hukumu. Mnunuzi akaondoka dirishani. Hakurudi tena.

Baadaye mahakama ilikwenda kukiona kihamba, ikatembea mpaka wote kwa miguu. Hukumu ilitoka baada ya miezi miwili: masale mapya yang'olewe, mjane na mabinti zake wakae na walime, shemeji asiuze hata shina moja la mgomba. Shemeji akasema maneno matupu hayamtoi, anataka karatasi yenye mhuri. Zamani hapo ndipo mjane angeanza safari za "Bado". Lakini hakimu alimtuma karani wake kwangu na ile hukumu ya mkono ndani ya jalada. Karani akavuta stuli akakaa ubavuni kwangu, hakunyanyuka hata kwenda kunywa chai mpaka nimemaliza, tukasoma pamoja neno kwa neno, yeye ana ya mkono, mimi nina ya skrini. Siku ya tatu mhuri ukagongwa. Siku ya nne mama alikuwa nayo.

Tangu hapo nimefikiri sana, kwa mtu wa darasa la saba. Siku hizi mahakama zinaanza kuwa na kompyuta zao, na wateja wangu wa kupiga chapa wamepungua. Sisikitiki. Nasikia wataalamu wanasema itafika siku mtu atafungua kesi akiwa kwake mlimani, bila kupanda gari, na hakimu ataiona hapo hapo. Naamini. Niliiona kompyuta ikifanya kwa siku tatu kazi ya mwaka. Ila nami nina cha kuwaambia hao wataalamu, kama watakubali kusikia kutoka kibandani. Mashine ikishajua kuandika haraka, itamshawishi kila anayeikalia kwamba ameshasikia. Wekeni kwenye mipango yenu mtu wa kumsomea mama maneno yake kabla hajatia kidole, na mama awe na ruhusa ya kusema hapana.

Sasa nimalizie, maana haikuishia kwenye mhuri.

Wiki mbili baadaye nilimkuta shemeji mlangoni kwangu, na lile koti lake. Alitaka kukata rufaa mahakama ya wilaya. Nikamuuliza kwa nini aje kwangu.

"Nani mwingine ana kompyuta?" akasema, akakaa bila kukaribishwa. "Niandikie kama ulivyomwandikia yeye."

"Yeye nilimwandikia mara mbili."

"Basi niandikie ile ya pili."

Ningeweza kumfukuza. Mke wangu, jioni tulipokuwa tunakula nyumbani Shirimatunda, alisema ningemfukuza. Ningeweza pia kumwandikia ovyo, na hilo ndilo lililonitamanisha zaidi, nani angejua? Nilifungua ukurasa mtupu. Alisema sababu zake tatu, kwamba mila haimpi mwanamke kihamba, kwamba marehemu kaka yake alikusudia hivyo, kwamba yeye ana wavulana. Nikamsomea zote. Kwenye ile ya pili akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Hivyo hivyo," akatia sahihi.

Mlimani habari haingoji gari. Kabla ya Jumapili mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Nasikia umemwandikia."

"Ndiyo, mama."

"Umemwandikia maneno yake?"

"Yake mwenyewe."

"Hukumwongezea la kwako?"

"Sikumwongezea, mama. Wala sikumpunguzia."

Akafikiri kidogo, mkoba mkononi. "Basi atashindwa," akasema.

Rufaa ilichukua mwaka na zaidi, na mwaka wote huo alilima nusu ya chini, nakala ya hukumu imefungwa kwenye nailoni ndani ya sanduku. Shemeji akashindwa. Binti wa pili ndiye aliyejenga pale chini ya mfereji, nyumba ya matofali, na mumewe akahamia kwake, jambo ambalo ukoo ulilisema kwa miaka miwili halafu ukalizoea.